Kisu cha Malaika Ndani ya Ndoo Yetu

Nilipokuwa mtoto wa kutumwa ndoo ya maji, tulikaa Al-Mahjar, kusini mwa Jeddah, katika jengo ambalo mabomba yake yalitoa upepo zaidi kuliko maji. Gari la maji likija, kila mama alijaza alichonacho: madumu, sufuria, hata beseni la kufulia. Ilikuwa ile miaka ambayo maajenti walipita kwetu Mombasa wakiandikisha watu wa kwenda Saudia, mabinti kwa kazi za ndani, wanaume kwa usukani. Baba alikuwa wa usukani. Alipakia mizigo Bandari ya Jeddah akaipeleka Riyadh, na kafili wake, yaani mdhamini wake kazini, mtu wa huruma, alimsaidia mpaka mimi na mama tukapata ikama, kibali cha kuishi huko, tukamfuata.

Mlango uliotazamana na wetu ulikuwa wa ajuza wa Kiyemeni. Sote tulimwita Jadda, yaani bibi. Ujanani alikaa Mombasa na marehemu mumewe, kwa hiyo Kiswahili alikijua vizuri, ila herufi "p" ilimshinda. Alikuwa Muislamu wa sala tano, lakini nyumbani kwake kulikuwa na mambo ambayo sikuyaona kwingine. Kucha alizokata alizichoma moto. Jengoni akifa mtu, alifunika kioo chake kwa shuka. Siku moja mama akamuuliza sababu.

"Bibi yangu alikuwa Myahudi wa Sanaa, kule Yemen," Jadda akasema. "Alisilimu akaolewa. Ila mikono yake haikusilimu. Ilibaki na mambo yake, na mimi nililelewa na mikono hiyo."

Tangu hapo nilikuwa nikimwomba hadithi za bibi huyo. Alinisimulia kwamba wazee wa bibi yake waliondoka Baitulmakdis, yaani Yerusalemu, kabla hekalu la Suleimani halijabomolewa, wakakata jangwa mpaka Yemen. Miaka mingi baadaye Uzeiri, yule Ezra wa Biblia, akawaita warudi walijenge upya, wakakataa, naye akawaapiza wasitajirike kamwe.

"Na sisi wa Mombasa alituapiza nani?" mama akadakia kutoka jikoni, na Jadda akacheka mpaka akakohoa.

Alinisimulia pia habari za malaika wa mauti. Alisema mwili wake mzima ni macho, tangu utosi hadi nyayo, hakuna pa kujificha asikuone. Mama hakupenda nisikie hayo. Nami sikuacha kuyauliza.

Siku ninayoikumbuka ilikuwa alasiri. Baba alikuwa njiani akirudi kutoka Riyadh, na mama alikuwa akichambua mchele. Tukasikia maji yakimwagika kwenye ngazi, mengi, kama mtu anaosha jengo zima. Nikachungulia. Jadda alikuwa ameinamisha dumu lake mlangoni, midomo ameibana. Lilipokwisha, akaingia kwetu bila hodi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akaishika ndoo yetu.

"Jadda! Hayo ndiyo tuliyobaki nayo!" mama akapiga kelele.

"Mwaga, binti yangu. Yote. Hata ya birika."

"Kuna nini?"

Jadda alimwaga ndoo, akamwaga beseni. Mama alipomkamata mkono, alijichomoa akamwaga na ya birika.

"Kwa nini, Jadda?" nikauliza mimi.

Aliketi, akanivuta. Nguo yake ilinuka habasoda. "Malaika akishamaliza kazi," akasema taratibu, "husuuza kisu chake katika maji ya jirani. Maji hayo hayanywewi."

"Amemaliza kazi kwa nani?"

Alinikandamiza uso kifuani mwake nisimtazame. Nyuma yangu mama akaanza kutafuta simu yake, akaipata imezima. Hakuiwasha. Aliishika tu.

Salim, mtoto wa Jadda, alikuwa karani bandarini. Alikuja na madereva wawili Wakenya, marafiki wa baba, kofia zao mkononi. Lori la baba lilikuwa limepinduka kwenye milima ya Taif. Lakini hayo niliyasikia baadaye, kwa sababu walipofika mlangoni mama alikuwa amekwisha kuketi sakafuni, ndani ya maji, naye Jadda akimpapasa kichwa akirudia, "Bole, binti yangu. Bole."

Baba tulimzika huko huko, nasi tukarudi Mombasa. Kwa miaka mingi sikunywa maji yaliyolala ndani ya chombo. Nilipoinama juu ya mtungi niliona macho, si mawili, mengi, yakinitazama kutoka chini. Niliamini kwamba Jadda alimwona malaika akiingia nyumbani mwetu, akainama juu ya ndoo niliyoijaza mwenyewe.

Nilipokuwa mtu mzima, mama ndiye aliyeniambia kwamba Salim alimpigia Jadda simu mchana ule, akamwomba akae nasi mpaka wao wafike. Basi hakuona malaika. Aliona namba ya mwanawe. Baadaye nikasoma habari za desturi za kale za Wayahudi, nikajua kwamba maji ya nyumba ya msiba na ya majirani yalimwagwa kwa sababu mbili. Moja ni ile ya kisu. Ya pili ni kwamba habari ya kifo haipendezi kutamkwa kwa ulimi. Anayeona maji yanamwagwa mlangoni huelewa mwenyewe.

Jadda alizijua zote mbili, sina shaka. Mimi alinipa ile ya kutisha, iliyoninyima usingizi utoto mzima, kwa kuwa ile nyingine ingekuwa sawa na kuniambia kwamba sina baba. Alinipa malaika wa kumwogopa ili, kwa muda mfupi uliobaki kabla ya hatua za Salim kusikika ngazini, niendelee kuwa mtoto anayemsubiri baba yake. Sijawahi kupewa zawadi nzito kuliko hiyo, na bado sijui kama ningeweza kuitoa kwa mtoto wa mwenzangu.