Mistari Minne Begani mwa Fahadi

Ummi, jirani yangu wa ukuta mmoja, aliingia uani bila hata kupiga hodi, ungo wa mchele mkononi.

"Mama Nuha, pole mwenzangu. Tumeyasikia ya kakako Fahadi."

"Yepi tena?"

"Kuwa ameiharibu ndege ya wachu, wakamvua unahodha. Sasa yuwaenda Arabuni kuwa baharia kwenye ndege ya mchu mwingine."

Nilikuwa nampaka mwanangu mafuta, mkono ukasimama mgongoni mwake. Mume wa Ummi hupakia mizigo pale uwanja wa ndege wa Kismayo, kwa hiyo hasemi hivihivi tu. Nikamuuliza ni nani aliyeona ndege iliyoharibika.

"Hapana aliyeona. Lakini mume wangu amemsikia mwenyewe akisema, huko aendako atavaa mistari mitatu begani, ya msaidizi. Leo ana minne, ya nahodha. Nahodha hushuka kuwa baharia kwa raha zake?"

Kwetu visiwani ni hivyo. Nahodha hakubali kuvuta kamba kwenye chombo cha mwenzake ila awe amekwamisha chake.

Na sisi nyumbani tulikwisha kuliona. Baba yetu alikuwa nahodha wa chombo kisiwani kwetu Chovae. Nchi ilipovurugika, yeye na mama na Fahadi wa miaka mitatu walikimbilia Mombasa, na chombo kikapotelea huko nyuma. Baba akapanda chombo cha watu kama baharia, akiamrishwa na vijana. Mama hulisimulia jambo hilo mara chache, na kila mara huinamia kazi iliyo mkononi. Mimi nilizaliwa baadaye, huko kwenye kambi ya wakimbizi, na yote nimeyapata kwake.

Fahadi alisoma kwa michango ya jamaa mpaka akawa rubani. Siku alipopewa mistari minne, mama alikuwa amerudi Chovae, baba amekwisha kufariki. Alipika halwa, akasomesha maulidi, akawaambia watu, "Nahodha amerudi nyumbani."

Mchana wa siku ile aliyokuja Ummi, Fahadi akaja kwangu, ana siku tatu za mapumziko. Akavua viatu mlangoni, shati jeupe limelowa mgongoni. Nikamtilia anjera na mchuzi wa samaki, kisha nikamwambia maneno ya Ummi.

Akacheka. "Nimeiharibu ndege? Ummi ameiona wapi?" Kisha kicheko kikakatika. "Hata hivyo, la mistari ni kweli, Mishi."

"Umefanya nini, kaka?"

"Sikufanya kitu. Nimeitwa na shirika kubwa la ndege la Arabuni. Ndege zao hubeba watu mia tatu, hii yangu ni hamsini. Lakini kule kila mchu huanzia chini, kwenye kiti cha msaidizi, hata awe nahodha wa miaka mingapi. Aliyeingia jana yuko mbele ya aliyeingia leo. Mbele yangu watakuwa mamia."

"Basi bakia huku."

"Nikibakia mwaka mmoja, watakuwa wameingia wengine hamsini. Nina miaka thelathini na saba. Nikingoja sana, sitakaa kiti cha kushoto, cha nahodha, kule maisha yangu." Alikuwa anaipasua anjera vipande vidogo vidogo, hakuna kilichofika kinywani. "Na nikienda, kuna mitihani ya miezi mitatu. Nikianguka, hawanichukui, na kiti changu huku kitakuwa na mwenyewe. Nikifaulu, wakipunguza watu, huanza na aliyeingia mwisho."

"Wao wataka jibu lini?"

"Alhamisi."

Siku hiyo ilikuwa Jumatatu. Nuha alikuwa amepanda mapajani mwake, anang'ang'ania mistari ya begani. Fahadi akaichomoa ile mistari, vitambaa viwili, akampa. Mtoto akaitia kinywani moja kwa moja. Nikaruka kuichukua, nikaifuta kwa leso yangu.

"Muache," akasema. "Inakaribia kuisha kazi."

"Usiseme hivyo."

Akaifungua simu, akaisoma ile barua ya shirika kwa mara ya sijui ngapi, akaifunga. Nimemwona mtu huyu akitoka kwenye ndege iliyotua kwa upepo wa ubavuni, abiria wanalia, yeye anauliza kama chai iko. Leo mguu wake ulikuwa haukai chini.

"Moyo wako unataka nini?" nikamuuliza.

"Kwenda. Nilipokuwa kambini nilikuwa nikilala chali kuzitazama zile ndege kubwa zinavyopita juu. Sikuwa nikizitazama hizi ndogo."

"Basi nenda."

"Na mama? Bila radhi yake sitii sahihi, wajua. Nimempigia simu mara nne wiki hii. Kila nikitaka kusema, yeye yuwaniuliza, 'Nahodha wangu hujambo?' Nikajikuta namuuliza habari za kuku."

Hapo tulicheka wote wawili, lakini kidogo. Nilijua anachokiona, kwa kuwa na mimi nilikiona: mama ameinama, anasuka ukili. Na kama Ummi amezisikia habari hizi leo, kesho zitapanda boti. Zitafika Chovae zikiwa na ndege iliyoanguka na watu waliokufa.

Nikamwambia hivyo. Akaitika kwa kichwa, akaichukua mistari yake kutoka mkononi mwangu, ingali na unyevu wa mate ya Nuha, asiivae. Akaitia mfukoni.

"Jumatano boti ya Athmani yaenda Chovae asubuhi," akasema. "Mchukue mtoto, twende pamoja. Mimi nikianza nitababaika, na yeye ataona aibu iko usoni kwangu kabla hajasikia neno. Wewe hukumwona baba akivuta kamba. Utaweza kusema."

"Nimwambie nini, kaka?"

"Yote, kama nilivyokwambia. Tukifika, ushuke wewe mbele, Mishi. Mimi nitakaa botini mpaka uniite."