Mkanda wa Shanga Nilioutunga Kwa Niaba ya Mzee

Chuoni, kabla hatujafundishwa jina la mfupa hata mmoja, tulifundishwa kusuka vikapu. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, na baba alikuwa amekwisha kuwatangazia majirani wote pale Endabash kwamba nakwenda kusomea udaktari. Likizo ya kwanza nikarudi na kikapu. Baba alikigeuza, akakitazama chini kama anayeutafuta huo udaktari, kisha akampa mama awekee mayai. Mayai yakapita chini.

Kozi yenyewe iliitwa tiba kwa kazi. Mgonjwa ambaye mkono wake umelegea au umekakamaa hupewa kazi ya mikono, na kazi hiyo ndiyo dawa. Kwa hiyo sisi tulitakiwa kuzijua kazi kwanza: kusuka, kufuma, kuranda mbao, kutunga shanga. Ilikuwa miaka ya themanini mwanzoni, madukani hamna kitu. Tulifumia spoki za baiskeli, na nyuzi tulizipata kwa kufumua masweta makuukuu. Sweta langu lilikuwa na mkono mmoja ulioishia kwenye kiwiko na mwingine uliofika gotini. Mwalimu wetu, mama mpole asiyecheka hovyo, aliliinua akaniuliza, "Huyu mgonjwa wako anaumwa nini?"

Kwenye shanga tu ndiko nilikopata alama nzuri. Na huko ndiko nilikoharibu.

Tulipopelekwa kwa mazoezi katika hospitali moja ya Karatu, nilikabidhiwa mzee wa Kimasai kutoka Ngorongoro. Ng'ombe alimpiga teke, kifundo cha mkono wa kulia kikavunjika. Mfupa ulikuwa umeunga, lakini vidole vilikakamaa kama kuni. Yeye hakulilia maumivu. Alililia mkutano. Kwao mzee akisimama kusema mbele ya wenzake hushika fimbo, na huyu hakutaka kuishika kwa kushoto.

"Mkono hii ikikataa," aliniambia, "mimi nanyamaza mpaka nakufa."

Nikapiga hesabu yangu: Mmasai, shanga. Nikamletea sahani ya shanga na sindano. Fimbo yake ilikuwa mapajani, nikaichukua nikaiegemeza kwenye kona ili isimsumbue.

Aliitazama sahani. "Hii ni chakula?"

"Hapana, baba. Ni dawa. Utatunga mkanda."

"Nani atatunga?"

"Wewe, baba."

Alinitazama kwa huruma. "Layoni," akasema, na hivyo ndivyo Wamasai wanavyomwita mvulana ambaye hajatahiriwa, "kwenu Wambulu mama anachunga ng'ombe, baba anatunga shanga?"

Nilikua nikiwaona Wamasai kila siku ya mnada. Shanga walivaa wote, wanaume kwa wanawake. Lakini waliokaa chini na sindano walikuwa akina mama peke yao, na mimi na macho yangu mawili sikuwahi kuliona hilo.

Kila asubuhi nilileta sahani, kila asubuhi aliisukuma kwa kiwiko. Na mwalimu alikuwa anakuja kukagua mgonjwa pamoja na kazi aliyoifanya. Basi nikautunga mkanda mwenyewe, saa za chakula cha mchana, nimekaa pembeni mwa kitanda chake. Alinitazama kwa raha zote.

"Tunga, mama yangu, tunga," alisema. "Ukimaliza nitakutafutia mume. Lakini kwa uso hiyo, ng'ombe wawili tu, na mmoja anachechemea."

Siku ya ukaguzi mwalimu alifika, na mke mkubwa wa mzee akafika saa hiyohiyo na kibuyu cha maziwa. Mwalimu aliuinua mkanda. "Kazi ya nani hii?"

Ningeweza kusema kweli. Lilikuwa neno moja tu.

"Ya mgonjwa, mwalimu. Kwa mkono wake wa kulia."

Yule mama alikijua Kiswahili vizuri, maana alizoea kuuza maziwa sokoni. Aliupokea mkanda, akaupitisha vidoleni polepole. Kibuyu kikaanza kutikisika. "Mume wangu," akasema, "na hii nyekundu umeiweka hapa kwa nini, baba?" Akacheka mpaka akakaa sakafuni, kisha akawaita kwa Kimasai wenzake waliokuwa barazani waje waone.

Mzee alisimama. Hakunitukana. Alikwenda kwenye kona ilikokuwa fimbo.

Nilitoka mbio, nikapita jikoni, nikaingia bustani ya kabichi, naye nyuma yangu, na nyuma yake mwalimu anapiga kelele: "Simama! Simama!" Nikashukuru kwamba napata wa kuniokoa. "Wewe mwanafunzi, simama! Nataka kuona anavyoishika!"

Nikasimama. Fimbo ikanishukia begani, na nilipogeuka nikaona iko mkono wa kulia. Mzee naye aliona wakati huohuo. Akabaki katikati ya kabichi akiutazama mkono wake kana kwamba ni wa mtu mwingine. Vidole vitatu vilikuwa vimeshika. Viwili vya mwisho bado vilining'inia.

Tangu hapo mwalimu akampa kisu na vipande vya chupa, akawa anachonga fimbo na kuzilainisha kutwa nzima. Mimi nilirudishwa kurudia mazoezi. Na mzee alitoa hukumu yake: kwa kuwa mkanda ni kazi yangu, niuvae. Niliuvaa siku ya mnada, Karatu nzima ikaniona.

Aibu yangu kwa kweli haikuwa mkanda. Nilimsingizia mtu mbele ya mkewe, na mzee aliruhusiwa kurudi kwao kabla sijamwomba radhi.

Mwaka uliofuata nilipanda Ngorongoro na gari la hospitali. Njia nzima nilikuwa napanga maneno ya kumwomba radhi. Tukawakuta wazee wamekaa kwenye nyasi, wamejifunika blanketi, ukungu mzito, na yeye amesimama anasema. Aliponiona alinyoosha fimbo kunielekea, akaongeza maneno machache. Mkutano mzima ukageuka, halafu ukaangua kicheko.

"Kasemaje?" nilimuuliza dereva, aliyejua Kimasai.

"Kasema wewe ndiye yule mchumba ambaye yeye alimkataa hospitalini."

Nilitazama fimbo. Vidole vitano, vyote vimeshika.