Muiri wa Guka

Ukibandua ganda bichi la mti wa muiri, harufu inayotoka ni ya kokwa ya plamu iliyopasuliwa kwa jiwe: tamu kidogo, chungu zaidi. Nimefanya kazi maabara miaka mingi, nikanusa vitu nisivyopenda kuvitaja mezani, na hakuna harufu inayonirudisha nyumbani upesi kama hiyo. Nyumbani ni ng'ambo ya Kiganjo, ambako Julai ukungu hukaa shambani hadi chai ya saa nne, na hata mlima ulio juu yetu unaweza kuusahau wiki nzima. Guka, baba yake baba yangu, alikuwa na muiri mkubwa kwenye mpaka wa shamba, na watu walitoka mbali kutafuta maganda yake.

Walikuwa wanaume tu, na wote walikuja na uongo. Mmoja tumbo linamsumbua, mwingine mgongo, mwingine ametumwa na shemeji. Guka aliwasikiliza kwa adabu, kisha akawapa dawa ya kile ambacho hawakukisema: mkojo unaokataa kutoka, ugonjwa wa wazee. Alibandua upande mmoja tu wa shina, kipande cha upana wa viganja viwili, akapaka kinyesi cha ng'ombe kwenye kidonda, na hakuugusa mti tena mpaka kidonda kizibe. Ukibandua kuzunguka shina zima, mti unakauka. Hilo hata sisi watoto tulilijua, maana tulichapwa kwa kuchezea panga karibu nao.

Nilipokuwa darasa la tano, msimu wa baridi, Guka mwenyewe aliugua. Aliacha kunywa chai. Alikuwa akienda nyuma ya zizi kila mara, anakaa huko muda mrefu, anarudi uso umekunjamana. Cucu, mkewe, alichemsha maganda yote yaliyokuwa jikoni, hayakusaidia, akamwambia baba yangu akabandue mengine. Kidonda cha mwisho cha mti kilikuwa bado kibichi, na Guka akakataa. Baba alisimama uani na panga mkononi, hajui amtii nani kati ya wazazi wake. Tumbo la Guka lilikuwa limejaa kama la ng'ombe aliyevimbiwa, na mimi niliamini kabisa kwamba atakufa.

Hapo ndipo alipoingia afande mmoja, mkufunzi wa chuo cha polisi cha Kiganjo, mtu wa mkoa wa Magharibi, na pikapu yake na uongo wake wa mgongo. Guka hakumngoja amalize salamu.

"Afande, mimi siwezi kojoa tangu jana," alimwambia. "Na hii mti haijapona. Nipeleke hospitali na hiyo gari yako."

Cucu alifunika uso kwa leso. Afande alitazama viatu vyake, kisha akasema polepole, "Hata mimi, mzee, si mgongo. Twende."

Huko Nyeri daktari alimwekea Guka mpira wa mkojo, baadaye akampasua. Alirudi amekonda, tena mwenye kelele. Kila mwanamume aliyefika getini aliambiwa kwamba ganda linapunguza tu, aende akapimwe. Wengine walikasirika, kwa sababu walitaka dawa pamoja na siri yao.

Baba yangu alisikia kila neno siku ile. Lakini alipozeeka alianza kununua chupa za maji meusi kwenye kibanda kimoja mtaa wa Majengo, Nyeri, akisema ni za kikohozi. Mimi nilikuwa Nairobi, nikipima majani kwenye mashine. Alipokubali kwenda hospitali, saratani ilikuwa imeshaingia mifupani. Bado nina hasira, na sijui nimkasirikie nani.

Sasa nimestaafu, naandika kuhusu mimea na safari zangu. Kule juu ya Timau nimeikuta miiri iliyochunwa pande zote, imesimama mikavu, kwa sababu maganda siku hizi huondoka kwa lori. Tuna mashine za kuona ndani ya mwili, na bado wanaume wananiandikia kuuliza dawa inachemshwa vipi, kwa niaba ya rafiki. Wiki iliyopita mkojo wangu ulianza kukatikakatika. Nilishika simu, nikaiweka chini, nikaishika tena. Kisha nikampigia binti yangu, aliyebeba jina la mama yangu, nikamwambia, "Mama, nina shida ya kukojoa."

Aliniuliza imeanza lini. Sisi hatukuwahi kumwuliza baba swali hilo.