Matusi ya Kiingereza kwa Kinyozi

Kinyozi wangu pale Galerie d'Ixelles, huku Ubelgiji, aliniambia mapema kwamba Kiingereza cha salamu hakimfai. "Good morning" hata kasuku anaijua. Yeye alitaka matusi, tena si yale ya nguoni, bali majina ya wajinga, wachekeshaji na matapeli waoga, kwa sababu, alisema, usipoyajua matusi ya watu watakutukana huku unatabasamu. Alikuwa mtu wa Bukavu, umri umevuka sitini, na sote tuliokuwa wadogo kwake tulimwita tonton, yaani mjomba. Mimi ni mtu wa Tanga, mlinzi wa ofisi moja kule Schuman, na kati ya wateja wake ni mimi pekee niliyekuwa na Kiingereza. Basi akaniita mwalimu, na kila nilipokwenda kunyoa nilimpa neno.

Nilianza na "clown", nikaja kwenye "fool", ambalo alilipenda kwa ufupi wake. Alipofika kwenye "buffoon" alitamka bafuni, nikacheka hadi ikabidi auondoe wembe shingoni mwangu. Nikamweleza kwamba kwetu bafuni ndiko tunakooga. Wakongo huita douche, kwa hiyo hakuona cha kuchekesha, lakini tangu siku ile kila mteja mwenye domo alikuwa bafuni. "Scoundrel" ilimshinda kabisa. "Rascal", yaani mtundu, ilimgusa, niliposema kwamba hata mzazi humwita mwanawe hivyo kwa mapenzi. Aliirudia taratibu, mashine ya kunyolea ameizima mkononi.

Kumbe yote hayo yalikuwa kwa ajili ya binti yake. Mke wake aliuawa vitani huko Kivu, binti akiwa hajaanza hata shule. Mama mdogo wa mtoto akamchukua, wakapata kwenda Uingereza, na baba akaishia Ubelgiji baada ya miaka ya kambini. Mtoto akakua na Kiingereza. Kiswahili kilimtoka na Kifaransa hakikuwahi kumwingia. Walisalimiana kwenye simu kila Jumapili, kisha wakanyamaza, maana maneno yalikuwa yamekwisha. Sasa tonton alikuwa amepanga kwenda kumwona, kwa mara ya kwanza tangu watengane, na hakuwa na hamu nyingine duniani.

Jumamosi moja binti akapiga simu katikati ya kazi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Mimi nilikuwa kitini, nusu ya kichwa imenyolewa. Tonton akaweka simu kwenye kipaza sauti kwa majivuno, ili watu wote wamsikie mwanawe. Binti aliongea kwa haraka, Kiingereza kitupu. Alisema mama mdogo amemweleza yote sasa: wale waliomuua mama yake walipokuja, ni nani aliyewafungulia na ni nani aliyekuwa amejificha.

"You're a coward," akasema. Akasema tena.

Wakongo huita kahawa kawa. Na Waingereza ile r ya "coward" hawaitamki, halafu d yao hufia mdomoni. Tonton akang'aa uso mzima.

"Yes, yes, kawa," akajibu. "I bring. Kawa of Kivu, very good."

Simu ikakatika. Akatugeukia, akatangaza kwamba mtoto ameomba kahawa ya kwao, damu haipotei. Wateja wakampongeza. Mimi nilijaa hasira, nisijue nimkasirikie nani. Mzaha mzaha hutumbuka usaha. Hata kumcheka moyoni sikuweza, kwa sababu shuleni Tanga mwalimu wetu alipomwita mwenzetu "coward", darasa zima tulisikia kuwadi, tukaenda kutangaza mtaani kwamba fulani anawatafutia wanaume wanawake. Sikio husikia linachokijua.

Alipomaliza kichwa changu akawaaga wateja wakaondoka, akavaa koti ili akanunue hiyo kahawa. Nikamshika mkono mlangoni. Nilijua nisipomwambia mimi, ataelezwa na binti yake mwenyewe, amesimama kizingitini na pakiti mkononi. Nikamwambia hakuna aliyeomba kahawa. Nikamwambia lile neno maana yake ni mwoga, mtu anayejiokoa na kuwaacha wenzake.

Akakaa kwenye kiti cha wateja, koti bado mwilini.

"Bibi yangu njo alifungua mulango," akasema, na bibi kwao ni mke. "Miye nilikuwa ku plafond. Nilisikia yote. Bon, mutoto hakukosa."

Kwetu husemwa kwamba kwa mwoga huenda kicheko na kwa shujaa huenda kilio. Nilitaka kumpa methali hiyo, nimwambie kwamba kupanda darini si dhambi, wangemuua na yeye. Nikaiacha. Mimi sikuwapo. Kwake vilikuwa vimeingia vyote viwili, na miaka yote ile mimi nilikwenda pale kufuata kicheko tu. Nilimhurumia sana, na nisiseme uongo, kwa muda mfupi nilimchukia pia.

"Alors, nifundishe kuisema, mwalimu," akasema. "Na ile d yake. Nataka anisikie miye mwenyewe naisema."

Nikamfundisha. Mwanzoni ilitoka kawa, kisha kawadi, maana mdomo wetu haupendi neno liishie bila irabu. Nikamwonyesha jinsi ulimi unavyogusa nyuma ya meno na kukomea hapo. Sijawahi kufanya kazi mbaya kama ile. Ilipokaa sawa akapiga simu, na safari hii kipaza sauti kilikuwa kwa ajili yangu, nimsaidie akikwama.

Binti akapokea.

"I was coward," tonton akasema. "In the plafond. I hear Mama. I was coward."

Ile d ilitoka safi. Lakini Kiingereza kinataka "a" ndogo itangulie mbele ya neno hilo, na hiyo sikuwa nimemfundisha. Upande wa pili tulisikia mtu akivuta pumzi, muda mrefu, kama anayelia na hataki asikike.

"A coward," binti akasema mwishowe, polepole. "You say, I was a coward."

"I was a coward," baba yake akarudia, na simu haikukatwa.