Usingoje Mshumaa Uzime

Mwezi wa saba huku kwetu hauna huruma. Kutoka Thika hadi Ruiru jua hujificha wiki nzima, watoto huja shuleni wamevaa sweta juu ya sweta, na mwalimu akifungua dirisha la darasa wanamtazama kama mchawi. Siku hiyo nililifungua makusudi. Nina hasira za karibu, na hakuna kinachonichokoza kama darasa linalosinzia katika somo la sayansi.

Niliwasha mshumaa juu ya sahani, nikaufunika kwa chupa kubwa. Gredi ya Tano wote wakapanda juu ya viti. Mwali ukapungua, ukayumba, ukazima. Walipiga makofi utadhani nimemfufua mtu. Nikawaeleza kwamba moto unahitaji hewa safi, na hewa hiyo ikipungua sana, moto unazima.

Nilipokuwa nikirudisha vitu kwenye katoni, mshumaa haukuwepo. Nikasema hakuna atakayekwenda nyumbani. Msichana wa dawati la mbele, mpole asiyeuliza swali hata la kutafuta choo, akauchomoa ndani ya soksi.

"Wa nini?" nilimfokea.

"Ya kuangalia hewa, ticha. Usiku mathe huingiza jiko ya makaa kwa nyumba juu ya baby, asisikie baridi. Anafunga dirisha, anaweka nguo chini ya mlango. Nitawasha hii kando ya kitanda. Ikizima nitajua hewa imeisha, niwaamshe."

Alikuwa ameelewa kila neno nililosema, na hilo ndilo lililonitisha. Makaa hayangojei hewa iishe. Hutoa gesi isiyo na rangi wala harufu, na watu wanaweza kulala wasiamke huku mshumaa ukiendelea kuwaka kando yao. Nikainama, nikamshika mabega.

"Usingoje mshumaa uzime. Umesikia? Jiko linatoka nje kabla hamjalala."

"Mwambie wewe, ticha. Mimi hatanisikia."

Baada ya masomo tulikwenda pamoja hadi kwao, ploti ya vyumba vya mabati vya kupanga nyuma ya maduka ya Kimbo. Mama yake alikuwa ameketi kitandani na kichanga ndani ya shali. Walikuwa wametoka magharibi mwa nchi kufuata kazi za huku. Alinikaribisha vizuri, akanimiminia chai, akidhani binti amekosa. Nikamweleza habari ya jiko. Alisikiliza, na kadiri nilivyoendelea ndivyo tabasamu lilivyomtoka.

"Mwalimu, mimi nimezaa watoto, si vitabu," alisema. "Huku kwenu ni baridi. Huyu hajamaliza hata mwezi. Mwenye alikuwa mbele yake alienda na nimonia, hapa hapa, baridi kama hii. Wewe ulikuwa wapi?"

Nilimpa pole, na niliitoa moyoni. Kisha nikamwomba aliwashe jiko nje, aipashe nyumba moto mlango ukiwa wazi, halafu alitoe, amlaze mtoto kifuani pake.

"Sawa, mwalimu."

Ilikuwa ile sawa tunayompa mgeni ili aende zake. Nilitamani kulinyakua lile jiko niondoke nalo, lakini nyumba ya mtu ni ya mtu. Nikamgeukia binti, nikasema kwa sauti ili mama naye asikie, "Usingoje uzime." Kile kipande cha mshumaa kilikuwa bado mkononi mwake. Sikuwa nimevuka hata kamba ya nguo nilipousikia mlango ukikomewa, kisha nguo ikisukumwa chini yake. Sikio la kufa halisikii dawa, nikajisemea, na papo hapo nikaogopa neno langu.

Nilirudi nyumbani Kiganjo. Nilimpigia simu yule mama, nikaambiwa mteja hapatikani. Nilisali kwa hasira, kama mtu anayegombana na jirani.

Asubuhi dawati la mbele lilikuwa tupu. Niliita majina, na nilipofika kwa jina lake nikaliruka, kwa sababu nilihofia ule ukimya. Niliwapa watoto kazi ya kuchora. Nilikuwa nimeshika mlango nikamwombe mwalimu mkuu ruhusa niliposikia kelele kutoka getini.

Alikuwa yule mama. Alikuja akikata uwanja mbio mbio, kichanga mgongoni, binti akiburutwa mkono.

"Mwalimu! Jiko yangu iko wapi? Huyu mwanasayansi wako ameamka usiku akaiweka nje! Asubuhi haiko! Wezi wamemwaga makaa hapo mlangoni wakaenda nayo!"

Darasa zima lilijaa madirishani. Nikamtazama binti.

"Kwani mshumaa ulizima?"

"Haikuzima, ticha. Ilikuwa inawaka tu poa," akasema akiangalia viatu vyake. "Lakini kichwa ilianza kuniuma sana. Nikakumbuka ulisema nisingoje."

Mama alifungua kinywa aendelee kunigombeza, akakifunga. Polepole akainua mkono, akajishika paji la uso.

"Hata mimi," alisema. "Kichwa inaniuma mpaka saa hii."

Mgongoni pake kichanga kikaangua kilio, kikali, cha mapafu mazima. Mama akalegeza leso, akamvuta mtoto mbele, akamkumbatia pale pale katikati ya uwanja. Habari ya jiko hakuitaja tena.