Kamba ya Mafundo Mia

Nilisoma mpaka mwaka wa tatu tu, lakini najua kuhesabu mpaka mia, na kwa hiyo mia katekista wetu alinisumbua karibu mwaka muzima.

Ilikuwa mwaka wa sitini na ine. Bwana yangu alikuwa mufanyakazi wa reli. Asubuhi moja alipanda treni ya Kabalo, na treni ikarudi Kalemie bila yeye. Wenzake walisema waaskari walimushusha njiani. Ukiwauliza zaidi, wanaangalia chini.

Katekista akatuita wanawake ambao mabwana yao hawajarudi, tulikuwa sita. Shapele zetu, zile shanga za kusali rozari, zilipotea tulipokuwa tunakimbia vita, basi akatugawia kila mumoja kamba ya katani yenye mafundo mia. Kwa kila fundo useme: Yesu, unihurumie. Roho ikitoka, ukifikiri kitu kingine hata kidogo, urudi kwa fundo la kwanza.

“Kaza roho, Mama! Anayefika mia bila roho kutoka, Mungu anamusikia.”

Sasa wewe jaribu kumukataza muntu asifikiri! Fundo la sita, nikafikiri sombe, majani ya muhogo, iliyo motoni. Narudi. Fundo la kumi na moja, nikafikiri shati ya kazi ya bwana yangu, nikajiuliza kama ile siku alivaa ile iliyokatika kifungo. Narudi. Siku moja nilifika makumi munane na mbili, nikasema moyoni: leo nafika! Kumbe na furaha nayo ni kufikiri. Nilirusha ile kamba ukutani, kisha nikaiokota mbio mbio kwa woga, kana kwamba nimemurusha yeye.

Njo hapo ubaya wa katekista ulipo. Alifanya kutorudi kwa bwana yangu kuwe kosa langu. Mama mukwe wangu, naye simusamehe upesi, alikuwa anakaa mulangoni ananingojea.

“Umefika ngapi?”

“Makumi ine, Mama.”

“Makumi ine! Mutoto wangu yuko mikononi mwa watu, na wewe unafikiri sombe.”

Mchana mumoja nilikuwa ufukoni nageuza ndagala juani. Kazi ile haitaki akili, unapitisha tu mukono juu ya samaki, unapitisha tena. Nikasikia midomo yangu inasema yenyewe, Yesu, unihurumie, kwa mwendo wa mukono. Sijui ilianza wakati gani. Mawazo yalikuwa yanapita, sombe, shati, yeye, na maneno yanaendelea tu, hayasumbuki. Kifua changu kikafunguka. Tangu aende sikuwa nimepumua vile.

Mimi mujinga nikafanya nini? Nikaacha ndagala kwa kunguru, nikakimbia nyumbani kuchukua kamba, nianze vizuri. Nilipoishika tu, yote ikaenda. Nikakaza, nikakaza, mpaka kichwa kikauma.

Siku ya Mungu, misa ilipoisha, nikamusimamia katekista mbele ya wenzangu.

“Papa, wewe unafikaga mia?”

Akacheka kidogo. “Mimi? Mimi sirudi kwa fundo la kwanza hata siku moja. Naachaga mudomo uende. Mawazo yakija, yatapita. Ukikaza, inakukimbia.”

“Na sisi ukatuambia tukaze!”

“Mama, muntu amepoteza bwana, nimuletee kitu chepesi? Mungenifukuza.”

“Tungekufukuza vizuri, Papa,” mumoja wetu akasema, “na saa hii tungekuwa tumenenepa.”

Wakacheka, hata yeye. Mimi sikucheka. Miezi yote ile nilijiona ni mimi niliyemufungia bwana yangu njia, na katekista anajua, na ananyamaza, na kila juma ananiuliza kama najikaza.

Nikaenda moja kwa moja kwa mama mukwe.

“Mama, hata katekista mwenyewe hajafika mia.”

Akauliza, polepole: “Basi ni nani anayemuzuia mutoto wangu?”

“Wale waliomushusha.”

Katika nyumba ile hakuna aliyekuwa amelisema neno hilo. Akasogea kwenye mukeka, akanipa nafasi, nikakaa. Hakuniuliza tena hesabu.

Sala ile ingali inakuja mara nyingine, nikifua, nikitembea, siiiti, siifuati. Lakini bwana yangu hakurudi. Waliomushusha walikuwa waaskari wenye bunduki, si ulimi wangu. Majina yao siyajui. Ningeyajua, ningeyaandika hapa.