Baada ya Kushonwa, Somo Yangu Alininyima Maji

Kosa wanalofanya wengi ni kudhani kwamba mwanamke mwenye fistula akishonwa mara moja na pakafumuka, basi ndiyo mwisho wake. Si kweli. Najua kwa sababu nilishonwa mara mbili, na jambo hilo hata wanangu niliowazaa hawalijui. Ndiyo maana nimeomba ukurasa huu ufiche jina langu.

Nakaribia miaka tisini. Nilikuwa mwalimu, sasa naishi Nachingwea na wajukuu. Haya ni ya miaka ya hamsini, kabla sijasomea ualimu, nilipoolewa Likunja, upande wa Ruangwa. Uchungu wa mimba yangu ya kwanza ulinishika, jua likazama na kuchomoza tena, mtoto hatoki. Alipotoka alikuwa amekufa. Niwaeleze wasiojua: kichwa cha mtoto kikibana muda mrefu kwenye nyonga, nyama iliyo kati ya kibofu na uke hukosa damu, hufa, kisha hudondoka. Hubaki tundu. Mkojo haushikiki tena, unatoka usiku na mchana.

Mume wangu hakunificha ndani. Alinipakia kwenye lori la ufuta kwenda hospitali, Nachingwea. Utingo akaziba pua, akamuuliza, "Shemeji, umepakia mke au beberu?" Watu wakacheka. Nilijivuta hadi pembe ya mwisho ya lori, nikajifunika kanga gubigubi.

Aliyekuja kuniuguza ni somo yangu, yule mama aliyenisimamia unyagoni. Daktari, Mzungu mmoja mpole, alinishona, akaniwekea mpira kwenye kibofu ili mkojo upite humo bila kulisumbua shono. Nesi akasema, "Anywe maji mengi."

"Sawa, mwanangu," somo akaitikia. Nesi alipogeuka, akalisukuma jagi la maji chini ya kitanda.

"Somo, nina kiu."

"Lowesha midomo tu. Shamba lisilonyeshewa halina tope."

Alinipenda, nami nilimwamini. Wote wawili tulidhani mkojo ukipungua, kidonda kitapumzika. Kumbe mkojo mchache huwa mzito na mkali, huacha chembe kama mchanga, na chembe hizo huziba mpira. Ukaziba kweli. Kibofu kikajaa kama ngoma, nikasikia kitu kinaachia ndani, na shuka likalowa.

Daktari hakugomba. Alisema tusubiri miezi kadhaa kidonda kipoe na kovu lilainike, lakini safari hii kazi itakuwa ngumu. Nyama yenye kovu ni kama ngozi iliyoanikwa juani. Ukiivuta kwa nguvu ili ikutane, nyuzi huikata.

Nilirudi Likunja kusubiri. Mama mkwe akamwambia mume wangu, mimi nikiwa hapo hapo nachambua mboga, "Mwanangu, chungu kilichopasuka hakipikiwi. Oa."

Mume wangu akasema, "Mama, wacha ashonwe tena. Akirudi amelowa, nitaoa."

Basi ndoa yangu yote ikawa juu ya kitanda kile cha hospitali.

Mara ya pili nilichomwa sindano ya mgongo, nikawa macho, nasikia vyuma vinagongana. Nesi alinieleza baadaye kilichofanyika. Daktari alitia maji ya bluu kibofuni aone yanapovuja, akakuta tundu la pili, dogo, limejificha kwenye kovu. Akalikata lile kovu. Akautenganisha ukuta wa kibofu na ukuta wa uke mpaka kila mmoja ukawa huru, unakutana wenyewe bila kuvutwa. Akashona kibofu kwanza. Kabla ya kufunga uke, akachukua mafuta yaliyo chini ya ngozi ya shavu la uke, akaacha shina lake bila kulikata ili damu iendelee kufika, akayapitisha kwa ndani na kuyalaza katikati, kiraka kilicho hai. Ndipo akafunga juu yake.

Niliporudishwa wodini, somo alikuwa amelipakata jagi. Nesi alikwisha kumwambia, "Mama, maji asiyokunywa huyu, utayanywa wewe hapa hapa nikikuona." Alininywesha mpaka nikamchukia.

Kisha mchana mmoja matone ya mkojo, yaliyotoka mpirani kuingia kwenye chupa, yakakoma. Somo aliona kabla yangu.

"Nesi! Nesi, jamani, haudondoki!"

Tumbo likaanza kukaza. Niliuma kanga nisilie, maana niliogopa hata kulia kungefumua. Nesi akafunua shuka, akakuta mpira umejikunja chini ya paja langu. Akaunyoosha. Kimya. Likaja tone. Likaja jingine, halafu mchirizi. Somo akaketi sakafuni, akalia kama aliyefiwa.

Siku ya kutoa mpira waliniwekea pamba nyeupe ukeni, wakatia tena yale maji ya bluu kibofuni.

"Kohoa," nesi akasema.

Nikatikisa kichwa.

"Kohoa, mwanamke!"

Nikakohoa. Akaitoa pamba, akaigeuza upande huu na huu, akanionyesha. Nyeupe.

Mume wangu hakuoa mwingine. Wanangu wote walizaliwa kwa upasuaji, kama daktari alivyoagiza, na mimi na baba yao tukaahidiana kwamba neno lile halitatajwa tena. Sasa yeye ni marehemu.

Na sasa mjukuu wa dada yangu, huko Chunyu, ameshonwa na pamefumuka. Amejifungia chumbani, hataki kusikia habari ya hospitali. Nilipomsihi, mama yake alinikatiza: "Mama mdogo, wewe ulizaa kwa raha zako hospitalini. Haya ya kunuka mkojo utayajulia wapi?"

 Nilikuwa na jibu mdomoni, na nililimeza.

Ndugu zangu, nipeni shauri. Nikisema, nadhani mtoto yule atainuka. Nikisema, nimevunja ahadi ya mtu asiyeweza tena kuniruhusu, na wanangu watalisikia barazani kwa watu. Nimwite binti peke yake, au niseme mbele ya mama yake na wote wasikie?

Lakini wewe unayesoma, kama nyumbani kwenu yuko mwanamke anayevuja mkojo, usingoje nishauriwe mimi. Mpeleke hospitali leo.